Daftari Limepotea: Historia Fupi ya Menyu za Linux

Leo sina kidokezo cha msimbo wala ulinganisho wa programu mbili. Nina historia, na kwangu mimi historia hiyo inaanzia kwenye simu niliyopigiwa usiku mmoja mwishoni mwa mwaka 2013.

Aliyepiga ni shangazi yangu. Baada ya shikamoo na marahaba hakunipa nafasi hata ya kuuliza habari za nyumbani.

"Mwanangu, daftari limepotea."

"Daftari gani, Shangazi?"

"La kikundi. Lote. Nimefungua mashine, nimetafuta, halipo."

Shangazi alikuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama huko Kwale. Ni chama cha kawaida, kama vile ambavyo wengi wenu mnavijua: mnachanga kila wiki, mnakopeshana, mwisho wa mwaka mnagawana. Kila shilingi ya kikundi hicho ilikuwa imeandikwa ndani ya faili moja, kwenye kompyuta moja, ambayo niliiandaa mimi. Nakala ya akiba haikuwepo. Naam, mimi ninayewahubiria watu kila siku kuhusu nakala za akiba.

Nitairudia simu hiyo. Lakini ili mwelewe kilichopotea hasa, inabidi kwanza turudi nyuma na kuuliza: ile orodha ya programu unayoifungua kwa kubofya pembeni mwa skrini imetoka wapi, na nani huamua majina yaliyomo?

MENYU ILIYOANDIKWA KWA MKONO

Menyu kama tunavyoijua ina mizizi katika maabara ya Xerox PARC huko California, ambako watafiti wa Smalltalk katika miaka ya 1970 walitumia orodha zinazoibuka chini ya kipanya. Apple ikaipandisha juu ya skrini katika kompyuta ya Lisa mwaka 1983. Windows 3.0 ya mwaka 1990 ilipanga programu zake katika vikundi, na kimoja kikaitwa "Accessories". Likumbukeni jina hilo. Kisha tarehe 24 Agosti 1995 ikaja Windows 95 na kitufe chake cha Start, na tangu siku hiyo watu wengi duniani wanatarajia kuanza kazi kutoka pembe ya chini kushoto.

Upande wa Unix mambo yalikuwa tofauti. Mfumo wa X, ulioanzishwa MIT mwaka 1984, uliweza kuchora madirisha lakini haukuwa na maoni yoyote kuhusu menyu. Kazi hiyo uliachiwa msimamizi wa madirisha, na mmojawapo wa wale wa kwanza kuenea ni twm, kilichoandikwa na Tom LaStrange mwaka 1987. Menyu ya twm ilikaa ndani ya faili ya maandishi iitwayo .twmrc, katika folda ya mtumiaji mwenyewe. Uliiandika hivi:

menu "kuu" {
"Kazi zangu" f.title
"Kuandika" f.exec "xedit &"
"Saa" f.exec "xclock &"
}

Hayo ni maandishi tu. Hakuna aliyekuambia programu iitweje. Ukitaka xedit iitwe "Kuandika", iliitwa "Kuandika".

Hapa kuna jambo ambalo nilichelewa sana kulitambua. Mjapani au Mwarabu wa mwaka 1987 alikuwa na shida ya kweli: herufi zake hazikuwa rahisi kuonyeshwa, na ilibidi asubiri miaka mingi hadi mambo ya fonti na usimbaji wa herufi yatengemae. Sisi je? Kiswahili cha leo huandikwa kwa herufi zile zile ambazo kila kompyuta ya wakati huo ilizijua. Hatuna hata alama moja ya juu au ya chini. Menyu ya Kiswahili iliwezekana tangu siku ya kwanza ya twm. Kilichokosekana hakikuwa herufi.

Ubaya wa njia hiyo ni kwamba ilikuwa ya mtu mmoja mmoja. Ukiweka programu mpya, haikujitokeza kwenye menyu hadi uiandike wewe. Na ukihamia msimamizi mwingine wa madirisha, kwa mfano fvwm cha Robert Nation kilichotoka mwaka 1993, ulianza upya kwa sarufi nyingine.

MABANO YA MRABA

Oktoba 1996 mwanafunzi Mjerumani, Matthias Ettrich, alitangaza mradi wa KDE. Agosti 1997 Miguel de Icaza na Federico Mena wakatangaza GNOME. Katikati yao, kuanzia mwaka 1996, Mfaransa Olivier Fourdan alikuwa akiunda Xfce, eneokazi jepesi ambalo mwaka 1999 lilihamishiwa kwenye maktaba ya GTK na ambalo wengi wenu mnalitumia hadi leo.

Kila mradi ulikuwa na menyu yake. Mtu akiandika programu, ilimbidi aitangaze kwa KDE kwa njia moja, kwa GNOME kwa njia nyingine, na kwa wale wasimamizi wadogo kwa njia ya tatu. Debian ilijaribu kutatua tatizo hilo kwa mfumo wake yenyewe: kila kifurushi kilijieleza mara moja tu, kisha amri ya update-menus ikatengeneza menyu za kila msimamizi wa madirisha. Mfumo huo ulihudumu muda mrefu, hadi kamati ya ufundi ya Debian ilipoamua mwaka 2015 kwamba programu zenye faili za .desktop hazipaswi kuendelea kuutumia.

Faili za .desktop zilitoka wapi basi? KDE ya kwanza ilikuwa na vijifaili vyenye mkia wa .kdelnk, kimoja kwa kila programu, na ndani yake jina la programu liliweza kuandikwa kwa lugha nyingi, kila lugha mstari wake. Mwaka 2000 Havoc Pennington wa Red Hat alianzisha freedesktop.org, mahali pa miradi hasimu kukaa meza moja. Moja ya kazi za mwanzo za meza hiyo ilikuwa kuchukua wazo hilo na kulifanya kanuni ya wote. Matokeo yake ni faili kama hii:

[Desktop Entry]
Type=Application
Name=Gnumeric
Name[sw]=Daftari la Hesabu
Exec=gnumeric %U
Icon=gnumeric
Categories=Office;Spreadsheet;

Tazameni mstari wa nne. Mstari wa Name peke yake ni wa kila mtu asiye na mstari wake. Name[sw] ni wa Waswahili. Mkitaka Wakenya waone neno tofauti na Watanzania, mnaandika Name[sw_KE] na Name[sw_TZ], na mfumo utatafuta kwanza ule wenye nchi, halafu ule wa lugha tupu, na mwisho kabisa ule usio na mabano.

Kanuni nyingine ya freedesktop ikashughulikia makundi. Programu haisemi "niweke chini ya Ofisi". Inasema tu kwamba ni ya aina ya Office. Faili kubwa ya XML, ya mkia wa .menu, ndiyo inayoamua kwamba vitu vya aina hiyo vikae chumba kimoja, na kijifaili cha tatu, cha mkia wa .directory, ndicho kinachotaja jina la chumba. Kwa hiyo programu, mpangilio na jina vilitenganishwa. Unaweza kubadilisha kimoja bila kuvigusa vingine viwili.

Kwa mtu wa lugha yetu huo ulikuwa mlango uliofunguliwa wazi. Huhitaji kujua C. Huhitaji kuunda programu upya. Unahitaji kihariri cha maandishi na mstari mmoja.

MBONA BASI HAKUNA ALIYEINGIA?

Si kweli kwamba hakuna. Mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na kampuni ya Uswidi iitwayo IT+46, ilianzisha mradi wa Kilinux, na kabla mwaka huo haujaisha wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi nzima kwa Kiswahili. Mwaka huohuo Microsoft nayo ilitangaza kazi ya kutafsiri Windows na Office kwa Kiswahili. Ubishi juu ya maneno ulikuwa mkali, na ni ubishi mzuri: vitabu vyetu vya shule Kenya vilikuwa vimeshika "tarakilishi", Watanzania wengi walisema "kompyuta", na wapo walioipenda "ngamizi".

Lakini menyu ya eneokazi ina ugumu wake. OpenOffice ni mradi mmoja: kikundi kimoja cha watafsiri kikikaa chini kikamaliza, kazi imeisha. Menyu hukusanya majina kutoka kila programu iliyomo ndani ya mashine. Mhariri wa maandishi ana watafsiri wake, kicheza muziki kina wake, kikokotoo kina wake. Mstari wa Name[sw] lazima upelekwe mlango kwa mlango, miradi mia kadhaa, na kila mmoja una taratibu zake za kupokea wageni. Wajerumani na Wafaransa wana watu wa kujaza kila mlango. Sisi tulikuwa wachache, na wachache hao walikuwa na kazi za kutafuta riziki.

ENEOKAZI JEPESI KUTOKA TAIWAN

Mwaka 2006 mtayarishaji programu wa Taiwan, Hong Jen Yee, ajulikanaye zaidi kwa jina la PCMan, alianza kutoa vipande vya kile kilichokuja kuitwa LXDE: kwanza PCManFM ya kusimamia faili, kisha paneli ya LXPanel. Hakuandika msimamizi mpya wa madirisha, alitumia Openbox iliyokuwepo tayari. Lengo lilikuwa eneokazi linaloweza kuishi katika mashine ambazo wengine walikwishazitupa.

LXDE ilifuata kanuni za freedesktop, lakini ilikabili tatizo ambalo matajiri hawalioni. Kusoma mamia ya vijifaili vya .desktop kutoka diski kuukuu, kila mara mtu anapofungua menyu, huchosha mashine. Ndipo wakaandika menu-cache, kijiprogramu kinachosoma vyote mara moja, kinatunza muhtasari ndani ya folda ya .cache/menus ya mtumiaji, na kusoma tena pale tu kitu kinapobadilika. Menyu ikawa inafunguka papo hapo hata kwenye kompyuta ya miaka kumi.

Na Openbox ilibaki na mila ya wazee. Faili yake ya menu.xml huandikwa kwa mkono, kama .twmrc ya mwaka 1987, ila kwa XML. Kwa hiyo ndani ya LXDE moja mnakuta zama mbili zikiishi pamoja: menyu inayojikusanya yenyewe na menyu unayoiandika mwenyewe.

KWALE, 2011

Sasa turudi kwa shangazi. Mwaka 2011 kikundi chao kilipewa kompyuta tatu za Pentium 4, kila moja ikiwa na memori ya MB 256. Windows iliyokuwemo ilikuwa imejaa virusi. Niliifuta, nikaweka Debian 6, iliyokuwa imetoka Februari mwaka huo, nikaweka LXDE juu yake, na Gnumeric kwa ajili ya hesabu. Nikarudi Nairobi nikijiona nimefanya kazi nzuri.

Miezi michache baadaye nikaja kuwatembelea, nikakuta jambo lililonisumbua. Shangazi anasoma Kiswahili vizuri kuliko mimi. Kiingereza alikiacha darasani alipoacha shule. Menyu niliyowaachia ilikuwa ya Kiingereza kitupu, kwa hiyo aliyekuwa akifungua hesabu ni kijana mmoja wa jirani aliyemaliza kidato cha nne. Kijana alikuwa mwaminifu, sina neno naye. Lakini wiki mbili alizokwenda Mombasa kutafuta kazi, mikopo ilisimama. Mama mmoja alihitaji pesa za kumpeleka mtoto hospitali, na mweka hazina hakuweza kumwambia salio lake ni kiasi gani, ijapokuwa ndiye aliyezipokea pesa zote kwa mkono wake mwenyewe. Ilibidi achangiwe upya.

Mimi ndiye niliyeufanya usomaji wa Kiingereza kuwa ufunguo wa sanduku la pesa, bila kukusudia.

Nikaketi naye jioni hiyo tubadilishe majina. Nilikuwa nimejiandaa na maneno ya kitaalamu. Gnumeric niliandika "Jedwali Sambazi".

"Hilo nini?" akauliza.

"Ndilo lenye hesabu, Shangazi."

"Sasa nani atakayetafuta jedwali? Sisi tuna daftari. Andika Daftari la Hesabu."

Nikaandika. Tukafika kwenye kundi la Accessories, lile la Windows 3.0, ambalo maeneokazi ya Linux nayo yalikuja kulitumia. Nikamweleza maana yake. Akacheka. Kwenye vibanda vya Ukunda neno hilo lilikuwa limeandikwa juu ya vifuniko vya simu na hereni. "Hivyo ni vikorokoro," akasema. Ndivyo kundi lilivyoitwa: Vikorokoro. Sijapata kuona tafsiri bora zaidi, na nimesoma faharasa nyingi.

Kwa Preferences nilitaka "Mapendeleo", kama ilivyopendekezwa na wengi. Alilikataa kabisa. Kikundi cha pesa hakiwezi kuwa na mahali palipoandikwa mapendeleo, watu watauliza ni nani anayependelewa. Tukaweka "Mipangilio". Office ikawa "Kuandika na Hesabu", kwa kuwa ofisi hawakuwa nayo, walikuwa na chumba na meza.

Kwa saa mbili menyu nzima ilikuwa ya kwao. Kesho yake asubuhi shangazi alifungua daftari peke yake, akasoma salio la kila mwanachama kwa sauti, mbele ya kikao. Kijana alikaa nyuma akishangilia, nadhani alifurahi kuutua mzigo.

Lakini nilikuwa nimefanya kosa la kivivu. Faili za programu zote hukaa /usr/share/applications, na za majina ya makundi hukaa /usr/share/desktop-directories. Niliingia kama root nikazihariri pale pale, tena sikuongeza mstari wa Name[sw], nilifuta Name yenyewe nikaandika Kiswahili juu yake. Ilifanya kazi. Nikaondoka.

USIKU WA BASI

Usiku ule wa mwaka 2013 nilimuuliza shangazi maswali ambayo fundi huuliza. Mashine inawaka? Inawaka. Kuna mtu ameifungua? Hakuna. Kuna kitu kimefutwa? "Sijafuta kitu, mwanangu. Orodha imekuja, lakini si ile. Daftari halimo."

Akanieleza lililomuuma zaidi. Daftari lilikuwa limekosekana kwa siku tatu. Kikao cha Jumapili kilikuwa kimeahirishwa. Na tayari kulikuwa na mnong'ono kwamba mweka hazina amekula pesa za watu, sasa anasingizia mashine.

Nilipanda basi la usiku kwenda Mombasa, nikavuka kivuko cha Likoni alfajiri, nikachukua matatu. Njia nzima nilikuwa nawaza diski iliyokufa. Nilikuwa nimebeba diski ya akiba, waya, na CD ya kuokoa data.

Niliwasha mashine. Ikaniletea eneokazi safi kabisa. Nikafungua menyu. Mahali palipokuwa "Kuandika na Hesabu" paliandikwa Office. Ndani yake, mahali palipokuwa "Daftari la Hesabu", paliandikwa Gnumeric. Nikabofya, nikafungua faili la mwisho. Hesabu zote zilikuwemo, hadi shilingi ya mwisho ya wiki iliyopita.

Hakuna kilichopotea isipokuwa jina. Kijana wetu, kwa nia njema, alikuwa amepata DVD za Debian 7, iliyotoka Mei mwaka huo, akaupandisha mfumo. Vifurushi vipya vilikuja na faili zao za .desktop, vikaweka juu ya zangu, kama inavyopaswa. Kazi ya mikono yangu yote ilifutwa kwa dakika chache. Alipomaliza alirudi Mombasa bila kujua amefanya nini.

Nilimwonyesha shangazi. "Ndilo hili hili, Shangazi. Limebadilishwa jina tu."

Aliitazama skrini muda mrefu. "Mtu akibadilishwa jina bila jamaa zake kuambiwa," akasema, "wamtafuteje?"

Nilikuwa na jibu la kifundi, nikalimeza. Alikuwa sahihi. Mimi kwangu faili lipo maadamu diski ina baiti zake. Kwake yeye daftari lilikuwa limepotea kweli, kwa sababu njia pekee ya kulifikia ilikuwa neno lile, na neno lile halikuwepo. Hasara yake ilikuwa ya kweli pia: siku tatu za kuitwa mwizi. Kikao kiliitwa jioni ile ile, akasoma hesabu kwa sauti kama mara ya kwanza. Wengi waliomba radhi. Si wote.

NJIA ILIYO SAHIHI

Kinachoniuma ni kwamba waliotunga kanuni za freedesktop walikuwa wamelifikiria jambo hili miaka mingi kabla yangu. Kanuni inasema hivi: faili lenye jina lile lile likipatikana mahali zaidi ya pamoja, lililo karibu na mtumiaji hushinda. Kwanza hutazamwa .local/share/applications ndani ya folda ya mtumiaji. Kisha /usr/local/share/applications, ambayo ni ya msimamizi wa mashine. Mwisho /usr/share/applications, ambayo ni ya vifurushi. Ukinakili faili hadi moja ya sehemu mbili za kwanza na kuihariri huko, upandishaji wa mfumo hautaigusa kamwe. Majina ya makundi nayo yana folda zao za desktop-directories katika sehemu hizo hizo.

Kwa hiyo siku ile nilifanya nilichopaswa kufanya mwaka 2011:

mkdir -p /usr/local/share/applications
cp /usr/share/applications/gnumeric.desktop /usr/local/share/applications/

kisha nikaongeza Name[sw] badala ya kufuta Name, nikaweka lugha ya kuingilia kuwa sw_KE.UTF-8, na nikawasha upya paneli kwa lxpanelctl restart. Nikarudia hivyo kwa kila kitu walichokitumia. Na ndiyo, niliweka nakala ya akiba kwenye flash mbili, moja kwa mweka hazina na moja kwa mwenyekiti.

Onyo moja kwa mtakaojaribu leo. Miaka ya karibuni programu nyingi zimebadilisha majina ya faili zao kufuata mtindo wa org.fulani.fulani.desktop. Nakala yako yenye jina la zamani haitaifunika mpya, na utaona programu moja mara mbili kwenye menyu, mara ya Kiswahili na mara ya Kiingereza. Kila mnapopandisha mfumo, linganisheni majina ya faili.

MPAKA LEO

LXDE ilizaa mtoto. Mwaka 2013 watu wake na wale wa Razor-qt waliamua kuunganisha nguvu, na mwaka 2014 likatoka toleo la kwanza la LXQt. Lubuntu ilihamia huko Oktoba 2018. Eneokazi la Raspberry Pi lilijengwa juu ya LXDE, kwa hiyo watoto wengi wa shule wameigusa bila kuijua. Jengo limebadilika, lakini ukifungua faili ya programu yoyote utakuta mabano yale yale ya mraba yaliyoanzia kwenye KDE ya kwanza.

Na mara nyingi utakuta Name[sv], kisha Name[ta], na katikati yake, pale ambapo sw ingekaa kialfabeti, hamna kitu. Hakuna aliyetukataza. Mstari huo umekuwa wazi kwa zaidi ya miaka 20.

Zamani nilidhani kazi ya kuujaza ni ya wataalamu wa lugha wenye kamati na faharasa. Siku hizi nikipeleka tafsiri kwenye mradi wowote huwa namsomea kwanza shangazi kwa simu. Amestaafu uweka hazina, macho yamepungua nguvu, lakini sikio lake la jina baya bado ni kali. Wiki iliyopita nilimpelekea kumi na mbili. Amekubali nne.

Haya, hadi wakati mwingine. Wekeni nakala za akiba.